Kobe wa Taji la Nzige

Mzigo wangu uliletwa na nyuki wa mizigo, kile kidege cha mashine, Jumamosi asubuhi, umelowa ukungu wote wa mlima Loleza, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni tangu kulipopambazuka. Niliupokea kwa mikono miwili. Niliutikisa, nikaunusa. Hakuna harufu inayoishinda ya mashine mpya ambayo haijaguswa bado na kidole cha mtu, na anayebisha hajawahi kupata mashine mpya.

Sikuufungua. Mungu anajua nilitaka, kisu kilikuwa palepale mezani. Lakini mimi ni mwanachama wa Kurasa Ngumu, na Kurasa Ngumu tuna mila moja ambayo hakuna aliyeivunja akabaki na rafiki: kitu kipya hufunguliwa mbele ya wenzako. Ukifungua peke yako nyumbani unahesabiwa kama mtu aliyekula minofu jikoni wageni wakiwa sebuleni. Basi nikautia mzigo kwenye mkoba pamoja na kitabu changu cha Taji la Nzige, toleo la kwanza, nilichokiokota chini ya sanduku la vyombo vya mitumba kule Tukuyu, nikashuka Mwanjelwa mbiombio.

Njiani niliwapita kina mama wawili wakisimuliana hadithi waliyoisoma jana yake. Mmoja alikuwa amepewa harusi mwishoni, mwenzake kapewa msiba. Wakacheka, wakaendelea na habari za bei ya viazi. Ndivyo vitabu vilivyo siku hizi: vinakusoma kabla hujavisoma, vinajua umeachwa au umependwa, kisha vinajigeuza vikupe unachotaka. Mimi jambo hilo linanichefua. Kitabu ni kitu cha kugombania. Ndiyo maana sisi tunakusanya vile vya zamani vya karatasi, hasa vya majoka na falme na wachawi, kwa sababu maneno yake hayasogei, na watu wazima wenye akili zao wanaweza kununiana miezi mitatu kwa ajili ya sentensi moja.

Chama chetu kimepanga ghorofani, juu ya mashine ya kusaga. Sakafu inatetemeka, unga unapanda mpaka kwenye sambusa, lakini tumezoea. Mwenyekiti wetu ni Ambakisye, daktari wa meno, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na siku hiyo alikuwa ameshapanga viti kabla sijafika.

“Subilaga,” akasema, “umechelewa kama maji ya bomba.”

Nikafungua. Watu wote wakainuka kutoka vitini. Ndani ya sufi mlikuwa na kitu mfano wa kijiko cha shaba chenye taa ndogo kwenye kiganja chake, na vipande viwili laini vya kubandika nyuma ya masikio. Hilo ndilo Sikio, mashine niliyoiwazia mwaka mzima. Nikampa Ambakisye kijitabu cha maelezo awasomee wengine, maana mimi nilikuwa nakunjua waya unaounganisha kijiko na vile vipande.

Akasoma kwamba karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikamanishwa kwa gundi. Mtu akisoma kwa sauti huku kitabu kiko mikononi mwake, nyuzi zile hutetemeka, na gundi huushika ule mtetemo na kukaa nao miaka na miaka. Mwanga wa Sikio huilegeza gundi. Ikilegea huuachia mtetemo, nao hupita kwenye waya hadi kwenye mfupa wa kichwa chako. Baada ya hapo gundi inakuwa kama mpya, haikumbuki kitu, inangoja sauti nyingine. Kwa hiyo kila ukurasa husikika mara moja tu, na kwa mtu mmoja tu. Kurekodi haiwezekani. Sheria ya Sauti inasema sauti ya mtu ni yake na baada yake ni ya watoto wake, na waliounda Sikio wamelifunga kwa makusudi lisinakili chochote.

Tulianza na kitabu cha mwenyekiti, kile anachokivalia glavu, kilichokaa kwenye kabati la chama tangu tupange pale. Nikabandika vipande nyuma ya masikio, nikapitisha kijiko kwenye ukurasa wa kwanza. Watu wakanikodolea macho. Nikasikiliza, nikahamia wa pili, nikahamia wa tatu.

“Vipi?” akauliza Ambakisye.

Nikamwambia ukweli, kwamba kitabu chake kizima kinasema mashine ya kusaga. Tulicheka hadi mtu wa chini akagonga dari kwa mti. Ambakisye mwenyewe alicheka baadaye kidogo.

Ndipo nikafungua Taji la Nzige. Kwa asiyekijua, ni hadithi ya binti anayeitwa Tandala, anavuka Bonde la Vioo kwenda kumpokonya Mfalme Nzige taji linalokula mavuno ya nchi nzima. Mwandishi wake alikufa kijana na hakuacha rasimu hata moja. Kila mwanachama wa Kurasa Ngumu anakijua kwa moyo. Nilipopitisha kijiko, kwanza ikaja kama sauti ya kuni zinapasuka motoni. Kisha mwanamume akakohoa ndani ya kichwa changu, karibu mno, nikashtuka nikashika meza. Akaanza kusoma. Sauti nzito, ya mtu aliyechoka lakini ana furaha. Nikawa natamka kwa mdomo wangu kila nilichosikia, ili wenzangu wasikie.

Maneno hayakuwa yale. Tandala alikuwepo, bonde lilikuwepo, ila maneno yalikuwa mengine kabisa. Watu wakaanza kutazamana. Na mimi nikaendelea kutamka, ulimi ukitangulia akili, mpaka nikasema hivi: “Basi kobe akamwambia, Tandala, taratibu, mwenzio natembea na nyumba mgongoni.”

Nikainua kijiko. Sambusa ya Ambakisye ilikuwa imesimama njiani kuelekea mdomoni.

Katika Taji la Nzige hakuna kobe.

* * *

Sharti nieleze habari ya Mama Kobe. Kwa miaka mingi kwenye baraza letu la mtandaoni kulikuwa na mwanamke mmoja wa Tukuyu, anaandika kwa adabu na kwa herufi zilizopangika, na kila tulipojadili Taji la Nzige alileta neno lake lilelile: mmemsahau kobe. Alidai utotoni nyumbani kwao walikuwa na nakala, baba yake akimsomea kila jioni, na humo kobe alifuatana na Tandala mwanzo mpaka mwisho. Nakala ilipotea walipohama, na kila aliyoinunua baadaye haikuwa na kobe. Kwake yeye kulikuwa na toleo jingine, la kweli zaidi, ambalo dunia imelificha. Tulimpiga vijembe bila huruma. Tulimchorea kobe kwenye kila salamu. Jina lake halisi, Tumwitike Asegelile, hakuna aliyelitumia.

Sasa kobe alikuwa amezungumza mbele ya mashahidi. Kabla jua halijatua nadharia ilikuwa imeshakamilika, maana sisi ni watu wa nadharia: ile ni sauti ya mwandishi mwenyewe, akisoma rasimu yake ya mwanzo juu ya nakala iliyochapwa, akijaribu kukumbuka kobe ambaye wachapishaji walimkata. Toleo lililofichwa lipo kweli. Mama Kobe alikuwa sahihi na sisi wote tulikuwa wajinga. Ambakisye alimwandikia palepale kumwomba radhi na kumwalika Jumamosi ifuatayo. Wapenzi wa kitabu hiki walianza kutuma salamu kutoka Songea, kutoka Kigoma, hata kutoka Lilongwe. Mimi nililewa bila kunywa. Ilikubaliwa nikae na kitabu, nisikilize sura zote na kuziandika, isipokuwa ya mwisho. Sura ya mwisho ingesikilizwa mbele ya watu wote.

Nikafunga karakana yangu ya nyuki wabovu, nikasikiliza. Wiki ile nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Mbeya. Kobe alikuwa mnung’unikaji, mlafi, mwoga wa mvua, na kila mara ndiye aliyeokoa jahazi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Kwenye kitabu kilichochapwa Tandala ni shujaa wa kuogopwa kidogo. Kwa yule mwanamume alikuwa mtoto mwenye njaa na rafiki.

Lakini kuna vitu vikaanza kunikera, maana kazi yangu ni kutafuta kinachogonga pasipotakiwa. Kurasa nyingine sauti ilizungumza kwa kirefu, nyingine ilisema tu “wakatembea, wakatembea” na karatasi zikageuzwa kwa haraka. Nikachunguza. Palipo na mchoro, maneno yalikuwa mengi. Pasipo na mchoro, wakatembea. Nikasema labda ndivyo waandishi wanavyopumzika.

Alhamisi, kwenye sura ya kabla ya mwisho, nikasikia sauti nyingine, ndogo, ya mtoto wa kike akimwita baba yake kwa lugha ya kwao.

“Tata, mbona umegeuza mbili?”

“Zimeshikana, mwanangu.”

Kuni zikapasuka. Mtoto akasema leo mwalimu amewafundisha herufi a. Mwanamume akamwambia amwonyeshe ilipo. Nikasikia kidole kikipita juu ya karatasi, hapa na hapa na hapa. Kidole kingine, kizito zaidi, kikafuata njia ileile.

“Kumbe ziko nyingi hivi,” akasema yule mwanamume taratibu. Kisha akasema, “Haya, Tumwi, lala.”

Nilitoa vipande masikioni. Nikafungua ukurasa wa ule mchoro wa kwanza, ambao nimeutazama maisha yangu yote. Tandala amekaa kando ya moto, na ubavuni pake imelazwa ngao ya baba yake, ya duara, imechongwa miraba miraba, na mshikio wake umechomoza upande mmoja. Nilikuwa najua ni ngao kwa sababu maandishi ya chini yanasema ni ngao. Nikayafunika maandishi kwa kiganja. Alikuwa kobe. Kobe kamili, ametoa kichwa, anaota moto.

Hakukuwa na rasimu wala mwandishi. Palikuwa na baba mmoja asiyejua kusoma, amekaa na binti yake kila jioni, anatazama picha na kumtungia kitabu kizima.

Niliona aibu, na uchungu mwingine niliouona ni huu: sauti ile ilikuwa ya kwake Tumwitike kwa sheria na kwa haki, na mimi nilikuwa nimeshaimaliza karibu yote kwa masikio yangu. Maneno niliyaandika, ndiyo. Ila kule kukohoa, ule moto, vilikuwa vimekwenda na havirudi. Ilibaki sura moja. Na nisidanganye, niliitaka. Nilitaka kujua kobe anaishia wapi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kilicholetwa na nyuki.

* * *

Tumwitike alifika kwangu Jumamosi mapema, kabla ya mkutano, kwa sababu Ambakisye alimpa anuani. Nilikuwa nimetarajia mtu mwenye kichaa kidogo. Aliingia mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, kitenge kimepigwa pasi, miwani shingoni kwa kamba, na chini ya kwapa ndizi mbivu alizoniletea kutoka shambani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa uchangamfu, akakaa akaangalia nyuki wangu waliofumuliwa mezani, akataka kujua kila kipande kinafanya nini. Nilimpenda hapohapo.

Alinisimulia kwamba alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka alipostaafu. Kusoma na kuandika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mwaka baada ya mwaka. Baba yake, mzee Asegelile, alikuwa anachochea kuni kwenye boila ya kiwanda cha chai, akirudi nyumbani macho mekundu kwa moshi, lakini hakulala kabla hajamsomea. Alisema watu walipomuuliza kwa nini amechagua darasa la kwanza, kazi ambayo walimu wengine wanaikimbia, aliwajibu kwamba alitaka kila mtoto apate alichokipata yeye kwa baba yake, mtu anayekufungulia kitabu.

Mimi niliirudisha ndizi mezani. Kitabu kilikuwa kabatini, hatua chache kutoka alipokaa.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kukaa kimya, nisikilize mimi sura ya mwisho mbele ya watu kama tulivyopanga, niseme tu yanayofaa. Angetoka pale ameshinda, toleo lililofichwa lingekuwa lake, baba yake angebaki msomaji, na mimi ningeujua mwisho. Wote tungefurahi, na kila furaha ingekuwa ya uongo, kama vile vitabu vya siku hizi vinavyokupa unachotaka. Au ningeweza kumwambia. Lakini siri ya mtungi yaijua kata, na kata hiyo sikuwa mimi. Yule mzee alikuwa amejificha kwa binti yake mpaka anaingia kaburini. Nani kanipa mimi ruhusa ya kumvua nguo?

Nikaona kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kusema, mzee mwenyewe, na alikuwa bado ana sura moja ya kusemea.

“Mama,” nikamwambia, “sauti iliyomo si ya mwandishi. Nadhani ni ya baba yako.”

Alivaa miwani, akaivua. Nikamweleza jinsi nilivyosikia jina lake, na jinsi Sikio linavyofanya kazi, na kwamba sura zote nimeshazila isipokuwa moja, na hiyo moja ni yake. Nikamwomba radhi kwa zilizokwenda. Nikamsihi aisikilize hapohapo karakanani, peke yake, mlango umefungwa.

“Wale walionicheka watakuwepo mkutanoni?”

“Watakuwepo wote.”

“Basi nitasikiliza kulekule.”

“Mama, huenda humo kuna jambo usilopenda watu waone likikufika.”

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesahau daftari. “Mwanangu,” akasema, “mimi nimesimama mbele ya watoto sabini siku niliyotoka kuzika mume wangu. Twende.”

* * *

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mashine ya chini ilikuwa inanguruma, watu wanaojiandaa na sikukuu wanasaga mahindi. Walipomwona Mama Tumwitike anaingia walisimama wote, na Ambakisye akaomba radhi tena kwa niaba ya chama, kwa sauti yake nyembamba, akaikoroga hotuba yote mwishoni. Alikuwa amemtengenezea beji ya heshima yenye kobe wa shaba. Mama akaipokea, akaibandika kwenye kitenge, akasema kobe amechorwa vizuri ila miguu imezidi urefu.

Nikawatangazia kwamba sura ya mwisho ataisikiliza yeye. Minong’ono ikapita. Nikasema ni haki yake na sababu ataitoa mwenyewe akipenda. Nikambandika vipande nyuma ya masikio, nikamfungulia kitabu, nikampa kijiko mkononi.

Alianza kutabasamu mara moja. Mkono mwingine akauweka kifuani. Watu walikuwa wanangoja atamke, kama nilivyotamka mimi, lakini hakutamka. Alipitisha kijiko taratibu, akageuza ukurasa, akapitisha. Kwenye ukurasa wa tatu tabasamu likatulia. Nikaona ameacha kusikiliza tu, jicho lake limeanza kuangalia. Lilishuka kwenye maandishi, likapanda kwenye mchoro, likarudi kwenye maandishi. Mwalimu wa darasa la kwanza. Ni watoto wangapi wamekaa mbele yake wakimsomea picha huku vidole vyao viko kwenye maneno? Aligeuza ukurasa usio na mchoro, kisha wa pili usio na mchoro, na mdomo wake ukatamka bila sauti: wakatembea, wakatembea.

Niliinamisha kichwa. Sikuweza kumtazama.

Alipofika mwisho alikaa kidogo na kijiko mkononi. Kisha akavua vile vipande, akavikunja vizuri, akanirudishia.

“Hakuna toleo jingine,” akasema. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti iliyozoea darasa, ikafika kwenye ngazi. “Vitabu vyenu ni sahihi. Hamkukosea. Baba yangu alikuwa hajui kusoma.”

Akaigusa beji ya kobe kwenye kitenge chake.

“Huyu kobe ni wa kwake. Yeye ndiye aliyemtunga, yote, kwa picha, akitoka kuchochea kuni mchana kutwa.” Akacheka, na machozi yakaja juu ya kicheko. “Nimegombana na nyinyi miaka yote hii kuhusu mwandishi, kumbe mwandishi tunakaa naye nyumba moja.”

Mimi nililia waziwazi, sijali. Na katikati ya kulia moyo wangu wa mkusanyaji ulikuwa unadunda kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa tumeshika nini. Taji la Nzige ziko nakala nyingi. Kitabu cha Asegelile kilikuwa kimoja tu duniani, na hakijawahi kuandikwa mpaka wiki ile, kwa mkono wangu, kikiwa na upungufu wa sura moja. Nikamuuliza, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, kobe anaishia wapi.

Akafungua mchoro wa mwisho, taji linaungua na Tandala amesimama mbele ya moto, na ile ngao iko miguuni pake. Akatusimulia. Kobe anakataa zawadi ya mfalme, anakataa dhahabu, anasema anataka kitu kimoja, asimuliwe safari yote tangu mwanzo, kwa sababu njia nzima alikuwa anatazama chini na hakuona kitu. Tandala anamwahidi.

“Halafu,” Mama akasema, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, mahali penye maneno mengine kabisa, “akaniambia, hapa pameandikwa hivi: na mtoto aliyekuwa anasikiliza, siku moja atamsomea baba yake.”

Aliondoa kidole pale kwenye karatasi.

“Nami sikumsomea hata siku moja. Nilidhani anajua.”

Chini mashine iliendelea kunguruma. Nilitafuta la kumwambia, na lililokuja halikuwa la busara, lilikuwa la mtu aliyesoma kijitabu cha maelezo mara nyingi kupita kiasi. Nilimwambia kwamba gundi ya kitabu kile sasa ni laini yote, mwanzo mpaka mwisho. Haikumbuki kitu, inangoja sauti.

Alinielewa upesi kuliko nilivyojielewa. Alivaa miwani. Akakifunga kitabu, akakigeuza, akakifungua upya ukurasa wa kwanza, akakileta karibu na uso wake.

Ndipo nikamwona Ambakisye anapasua watu kuelekea mlangoni, kitambi chake chote, anashuka ngazi mbili mbili. Tulimsikia chini akibishana na mwenye mashine, na yule akimjibu kwamba ana foleni ya watu, na Ambakisye akisema kitu ambacho hatukukisikia. Ngurumo ikapungua, ikakatika, na sakafu ikatulia chini ya miguu yetu kwa mara ya kwanza tangu tupange pale.

“Tata,” akasema Mama Tumwitike, “sura ya kwanza.” Akaanza kumsomea.